Jinsi ya kujipima kiuno bila kujitukana: maelekezo ya fundi cherehani

Kwanza tafuta futi kamba, ile laini ya mafundi nguo, siyo ya chuma ya seremala. Futi kuukuu huvutika ikadanganya, kwa hiyo ukiona namba zake zimefifia nunua nyingine, bei yake ni ndogo. Kisha ingia chumbani, funga mlango, vua nguo ya juu. Usimwite dada yako wala jirani aje akushikie. Shughuli hii haihitaji shahidi, na shahidi ndiye huanza kucheka.

Mimi ni fundi nguo hapa Ngamiani, Tanga. Napima wanawake kwa kazi, na mwenyewe ni mnene. Ubishi wa unene nausikia kila msimu wa harusi, wateja wakisubiri zamu. Mmoja atasema mwili ni wako, ukubali ulivyo, Mungu hakukosea. Mwenzake atamjibu kwamba unene ni mdomo na uvivu, kila mtu abebe lawama zake. Wakimaliza wanaondoka wote wawili, na hakuna anayejua kiuno chake kina inchi ngapi. Tuanzie hapo.

Sisi mafundi kiuno tunakipima pale mwili unapobana, kwa sababu ndipo gauni linapotaka kukaa. Kiafya siyo hapo. Papasa ubavuni mpaka upate mbavu ya mwisho, halafu shuka mpaka uguse ncha ya juu ya mfupa wa nyonga. Katikati ya hivyo viwili ndipo futi ipite, izunguke sawasawa bila kupanda mgongoni. Pumua nje kawaida, usivute tumbo. (Kila mteja huvuta tumbo. Bibi harusi nampigisha umbea kwanza, akishajisahau, naandika.) Futi iguse ngozi bila kuibana.

Sasa jipime urefu ukutani, bila viatu. Kiuno kisifike nusu ya urefu wako. Naipenda hesabu hii kwa sababu haijali kama unatumia inchi au sentimita. Mwenye urefu wa inchi 63, yaani sentimita 160, nusu yake ni inchi 31 na nusu. Mwongozo wa afya wa Uingereza unasema kuanzia nusu hatari ya magonjwa kama presha na kisukari imeongezeka, na ukifika sehemu sita kwa kumi za urefu hatari ni kubwa. Kwa huyo wa inchi 63, hiyo ni karibu inchi 38. Shirika la Afya Duniani lina mipaka yake: mwanamke sentimita 80 na mwanaume 94, hatari inaanza kupanda, 88 na 102, imepanda sana. Mjamzito hesabu hizi hazimhusu.

Kwa nini kiuno na siyo mizani peke yake? Kwa sababu mafuta yanayosumbua zaidi ni yale ya ndani ya tumbo, yanayozunguka ini na matumbo, na mizani haijui mafuta yako yamekaa wapi. Ile hesabu ya kliniki iitwayo BMI, ya kugawanya kilo kwa urefu mara urefu kwa mita, ambapo 25 umezidi uzito na 30 wewe ni mnene, chanzo chake ni Mbelgiji wa karne ya 19, Adolphe Quetelet. Alikuwa mtu wa nyota na takwimu, akimtafuta binadamu wa wastani. Hakuwa na mgonjwa mbele yake. Usiitupe, lakini iongezee futi.

Wanaume nao wasome. Mteja huniambia, "Fundi, kiuno changu ni 34 tangu nioe." Suruali kweli ni 34, kwa sababu anaifunga chini ya tumbo. Tumbo lenyewe liko juu ya mkanda na hakuna aliyewahi kulipima. Mwanamke akinenepa ni bonge, mwanaume akiota kitambi ni bosi, na presha haiangalii cheo.

Namba ikitoka kubwa, hatua inayofuata ni kupima presha na sukari. Mambo mawili yanategemea wewe mwenyewe kuyasema pale kliniki. La kwanza ni ule mkanda wa presha. Mkanda wa kawaida umekusudiwa mkono wa wastani. Ukifungwa kwenye mkono mnene unatoa namba kubwa kuliko ukweli, na unaweza kuandikiwa vidonge usivyovihitaji. Sema tu, "Nesi, naomba mkanda mkubwa." Ukiambiwa haupo, omba waandike kwamba wamekupima kwa mdogo. La pili, ukienda na goti au kikohozi ukajibiwa "punguza uzito kwanza", itikia, kisha uliza: "Na mtu mwembamba mwenye goti kama hili, daktari, mngempima nini?" Uliza kwa adabu, na usiondoke bila jibu.

Chai za kupunguza tumbo ziache. Nyingi zina majani ya sena, ambayo ni dawa ya kuharisha: unapoteza maji, mafuta yanabaki. Nyingine zimekutwa na sibutramine, dawa iliyoondolewa sokoni Ulaya na Marekani mwaka 2010 kwa sababu ya madhara ya moyo. Vidonge vya kukuza makalio navyo viache. Wanaotumia hizi na wanaotumia zile mara nyingine wanatoka nyumba moja.

Ubishi ule wa kibandani unadhani kuna njia mbili tu, ukonde au ukate tamaa. Utafiti mkubwa wa Marekani uliochapishwa mwaka 2002 uliwachukua watu waliokuwa ukingoni mwa kisukari. Kundi moja lililenga kupunguza asilimia 7 ya uzito na kufanya mazoezi kama ya kutembea haraka dakika 150 kwa wiki. Kupata kisukari kulipungua kwao kwa asilimia 58 wakilinganishwa na waliopewa vidonge visivyo na dawa. Asilimia 7 kwa mwenye kilo 90 ni kilo 6 na ushee. Akizipunguza bado ni bonge, bado nitamshonea kwa kitambaa kilekile, majirani hawatagundua kitu. Ndani mambo yamebadilika. Kwa hiyo lenga hizo kilo chache, na umbo la dada wa kwenye picha mwachie mwenyewe.

Zinapunguzwaje? Anza na vya kunywa. Soda ya mililita 350 ina sukari ya karibu vijiko tisa vya chai, na haishibishi. Chai ya nyumbani nayo ihesabu vijiko. Mafuta ya kupikia yapime kwa kijiko, usimimine kutoka kwenye dumu. Hapa ndipo sikubaliani na wale wa "kila mtu ajilaumu": mama anayewapikia watu wanane hana chungu chake peke yake, na akipika chakula kisicho na mafuta mumewe atasusa. Basi badilisha chungu cha wote taratibu, bila kutangaza. Wakiambiwa ni chakula cha afya hawali.

Mazoezi sisi wa Tanga tuna bahati ya baiskeli, mwanamke akipanda hakuna anayegeuka. Kwingine kuna mitaa isiyo na taa, na mwanamke akitoka kazini giza limeingia. Huyo simwambii atembee usiku ili athibitishe ana nidhamu. Atembee kwenda sokoni asubuhi, ashuke kituo kimoja kabla. Vinasaba vina sehemu yake, na kibanda cha chipsi mlangoni kina sehemu yake. Wajibu wako ni sehemu iliyobaki, na hiyo usiikwepe.

Midomo ya watu haitakuacha. Wazee wetu wana sababu ya kuogopa kukonda. Wagonjwa wa kwanza wa UKIMWI nchini walionekana Kagera mwaka 1983, na kwa miaka mingi baadaye aliyepungua alinong'onwa kuwa amekanyaga waya. Kwa hiyo bibi akikuambia, "Mashallah mjukuu wangu, umenenepa," jibu, "Alhamdulillah bibi, na presha iko sawa." Shangazi akishtuka, "Mbona umekonda hivyo?" mwambie, "Shikamoo shangazi, mzima kabisa, nimepunguza sukari tu." Konda wa daladala akikuambia ulipe siti mbili, mpe nauli yako moja na ukae. Mtoto wa nyumbani usimwite kibonge hata kwa utani. Wewe unasahau jioni, yeye anakua nalo.

La mwisho ni la kazi yangu. Usiniagize gauni la mwili unaotarajia kuupata kabla ya harusi. Nguo ishonwe kwa mwili wa leo, na mwambie fundi aache inchi moja na nusu ya kitambaa kila upande kwenye mishono ya ubavuni, asiikate. Ukipungua anabana, ukiongezeka anaachia. Kurekebisha ubavu mmoja mmoja ni kazi ndogo, labda kama kuna zipu pembeni. Hapo nitakudai zaidi.