Apli gani ya kuongoza taa za nyumba? Namna ya kuchagua kama uko Bukavu na umeme inaenda inarudi

Batu mingi hapa kwetu banaanzaka na ampule. Mutu anapita ku maduka ya Nyawera, anaona ampule inabadilisha rangi, muuzaji anaiguza ku telefone inakuwa nyekundu, anaiguza tena inakuwa ya buluu, bei si mbaya, anatoa franga anarudi nayo nyumbani, kisha njo anaanza kuuliza "sasa hii nitelesharje apli gani?" Mi naomba tugeuze hiyo njia. Chagua apli kwanza, kisha ununue ampule yenye inasikilizana nayo, juu apli njo utaishi nayo kila siku, na apli njo itaamua mambo mawili yenye siye tunayajua vizuri kuliko batu ya Ulaya: umeme ikikatika kisha ikarudia, ampule itafanya nini, na mega zikiisha, utaweza bado kuzima taa ama hapana. Zile rangi milioni 16 zenye zimeandikwa ku karto hazitakusaidia hapo.

Tuanze na karto, sababu jibu mingi ziko pale. Igeuze, upande ama nyuma utaona alama ya apli: Smart Life, Tuya, Tapo, WiZ, Hue na zingine. Kama hakuna jina, kuko paka ile kodi ya miraba-miraba ya kupiga picha, na inakupeleka ku apli yenye hakuna mutu anaijua, hata bei ikuwe ndogo namna gani mi nakushauri uiache, juu siku wenyewe watazima seva zao (zile kompyuta za mbali zenye apli inaongea nazo) ampule haitasikia tena telefone yako, itabaki ampule ya kawaida yenye ulilipa bei ya juu. Angalia tena shingo, nyumba zetu ziko na za kuzungusha (E27) na za baionete (B22), usinunue moja ukakuta fasi yako ni ya ingine. Na voltaje iandikwe 220 mpaka 240. Zile zenye ndugu analeta mu valizi kutoka Marekani zingine ni za 120 tu, hizo usizichomeke.

Sasa apli zenyewe.

Ampule nyingi za bei ya chini zenye zinatoka China zinaongozwa na Smart Life ama Tuya Smart. Zote mbili ni za kampuni moja, Tuya, yenye ilianza mu 2014 kule Hangzhou, na ndani ni karibu kitu kimoja, kwa hiyo usipoteze wakati kuzilinganisha, kamata moja na ubakie hapo. Uzuri wake ni kwamba ampule, prizi, interipteri na kamera za marke nyingi tofauti zinaingia zote mu apli moja, haulazimike kuwa na apli tano ku telefone. Ubaya ni kwamba Tuya haitengenezi ampule mwenyewe, viwanda mingi njo vinatengeneza, kwa hiyo ampule mbili zenye ziko mu apli moja zinaweza kuwa na reglaje tofauti kabisa. Moja utaikuta na ile ya kuamua ifanye nini umeme ikirudia, ingine haina. Hapo usiulize "Smart Life ni nzuri?", uliza "hii ampule hii, ndani ya Smart Life, iko na nini?"

Niende polepole hapa juu njo fasi batu banaumia. Delestaje (umeme kukatwa kwa zamu) ilianza saa mbili za usiku, ukalala, taa ya chumba ulikuwa umeizima ku telefone. Saa nane za usiku umeme inarudia. Interipteri ya ukuta iko imefunguliwa (lazima ikae hivyo, bila hiyo apli haiwezi kuongea na ampule), kwa hiyo ampule inapata umeme, na ampule nyingi zikipata umeme zinawaka, nguvu yote, nyeupe, mu macho ya mutoto mwenye alikuwa analala. Kama nyumba iko na ampule sita za namna hiyo, nyumba nzima inaamka. Ndani ya Smart Life, ampule zingine ziko na reglaje ya kuwafanya zibakie vile zilikuwa mbele umeme ikatike, hiyo njo unatafuta. Zingine ziko na kitu inaitwa "Ne pas déranger", ukiiwasha, umeme ikirudia ampule inabaki imezima, na kama unataka iwake bila telefone unazima na kuwasha interipteri ya ukuta mara mbili. Philips Hue nayo iko na reglaje ya hivyo kwa kila ampule, unachagua iwake, ama irudi vile ilikuwa, na iko wazi kabisa mu apli, hautaitafuta sana.

Kuko na ingine yenye batu banaifikiria ni kifo ya ampule. Unajua vile umeme inarudiaka hapa, mara ingine haiji mara moja, inakuja inaenda, inakuja inaenda, kisha njo inatulia. Ampule nyingi za wifi zinarudishwaka ku hali ya kiwanda kwa kuzima na kuwasha mara tatu ama tano mfululizo. Umeona shida? Umeme yenyewe inafanya ile kazi ya kidole, na asubuhi unakuta ampule inameta-meta peke yake na ku apli inaandika haipatikane. Haijakufa. Inakungoja uiingize upya. Kama mutaa wenu umeme inacheza hivyo sana, mbele ya kununua soma mu kale kakitabu ka ndani namna ya kurudisha ampule ku hali ya kiwanda: kama ni kwa interipteri mara tatu, uiogope kidogo. Zile za Hue zenye zinapita ku Bridge (kale kasanduku ka Hue kenye kanaunganishwa ku modemu na kanaongoza ampule) haziko na hiyo tabia, unazifuta mu apli yenyewe, na kwa Bukavu mi naona hiyo peke yake ni sababu kubwa ya kuzifikiria hata kama bei inauma.

Jambo la pili ni intaneti. Kuko apli zenye kila amri inazunguka: unaguza telefone, amri inaenda ku seva ya mbali, kisha inarudi mu chumba chenye unakaa. Kuko zingine zenye zinaongea na ampule moja kwa moja ndani ya wifi ya nyumba. Kwa mutu mwenye forfe yake inaishaka mbele ya mwisho wa mwezi hiyo tofauti ni kubwa. Namna ya kupima ni rahisi na haitaki ufundi: acha modemu iwake, toa intaneti (toa kadi ya simu mu modemu, ama ngoja tu siku mega zimeisha), telefone ibaki ku wifi ya nyumba, zima na data ya telefone, kisha guza taa. Ikiitika, uko salama. Ikizunguka-zunguka na kuandika haipatikane, umejua. WiZ na Tapo zinaweza kuongoza ampule ndani ya wifi ya nyumba bila intaneti ya inje. Smart Life pia inaweza kuwasha na kuzima hivyo kwa ampule mingi, lakini zile otomatiki zake zenye zinachanganya kifaa na kifaa, nyingi zinapitia seva, mega zikiisha zinalala. Hue na Bridge yake inafanya kazi yote ndani ya nyumba.

Na usisahau saa. Ampule haina saa yenye batri ndani. Umeme ikikatika inapoteza wakati, ikirudia inaomba saa ku intaneti, kama mega hakuna, ile programu yako ya "iwake saa kumi na mbili" inaweza kukosa kabisa. Dawa ni kuweka modemu ku batri, kama uko na panno ya jua na batri kidogo nyumbani modemu ipate ya kwanza, inakula umeme kidogo sana. Ukiwa na Bridge ya Hue uiweke hapo hapo pembeni yake.

Tukiwa bado ku saa: wakati unafungua konte, apli inauliza inchi na saa. Konte ni ya +243, angalia usichague Congo ya Brazzaville yenye iko +242. Kwa saa, chagua Lubumbashi, usichague Kinshasa, juu siye huku tuko na saa ya Lubumbashi, Kinshasa iko nyuma na saa moja. Ukikosea hapo taa ya inje itachelewa kuwaka saa nzima kila siku na utafikiri ampule ni mbovu. Na ile kitu apli zinajivunia sana, ya kuwasha taa wakati jua inazama, kwetu haina kazi kubwa. Kule Ulaya jua inazama saa tofauti kabisa wakati wa baridi na wakati wa joto, lakini Bukavu, mwaka muzima, inazama karibu kati ya 17:50 na 18:25. Weka 18:00 ya kudumu na imeisha. Faida ingine: haulazimike kuacha apli ijue fasi uko kila wakati. Android nyingi zinaomba hiyo ruhusa wakati wa kuingiza ampule mara ya kwanza, itoe, maliza kuingiza, kisha rudi ku reglaje ya telefone uiondoe.

Wifi yenyewe: ampule karibu zote zinataka ya 2.4 GHz, hazioni ya 5. Kama modemu yako iko na majina mawili, konekte telefone ku ya 2.4 mbele ya kuanza. Na kama wifi ya nyumba ni telefone ya papa yenye anagawa mega, usinunue ampule za wifi kabisa, juu papa akitoka kwenda Kadutu ametoka na wifi yote. Hapo tafuta za Bluetooth. Hue ziko nazo tangu 2019, bila Bridge unaweza kuongoza mpaka ampule 10, lakini paka ukiwa karibu nazo. Zile modemu ndogo za mufuko pia nyingi hazibebe zaidi ya vifaa 10 hivi, hesabu telefone za nyumba kwanza, kisha njo ampule.

Google Home, Alexa na Apple Home ni mambo mengine. Hizo ni za kukusanya: ampule inaingia kwanza mu apli yake, kisha unaiunganisha. Zinasaidia kama nyumba iko na marke tatu nne, ama unataka kuongea na taa kwa sauti, na hapo utaongea Kifaransa, Kiswahili haisikii. Apple Home inataka iPhone, na ukitaka kuongoza ukiwa inje ya nyumba inataka tena Apple TV ama HomePod ikae pale, kwa bei hiyo mi siwezi kumushauria mutu mwenye ampule tatu. Chenye naona cha maana ni alama ya Matter ku karto. Ni lugha moja yenye makampuni makubwa yalikubaliana, ilitoka mu 2022, na ampule yenye iko nayo inaweza kuingia mu apli mbili tatu za makampuni tofauti kwa wakati moja na kuongea ndani ya nyumba. Ukikuta ampule mbili bei karibu sawa, moja iko na Matter, beba hiyo.

Fundi ama mwanafunzi wa informatike mwenye anapenda kuchimba, aangalie Home Assistant. Ni programu ya bule ya kuongoza vifaa vya nyumba, inaingia mu kompyuta ndogo kama Raspberry Pi, kila kitu inakaa nyumbani kwako. Inataka wakati na uvumilivu, na kompyuta yake pia ikae ku batri.

Halafu fikiria batu ya nyumba. Koko hatafungua apli, atazima ku ukuta vile amezoea tangu zamani, na akizima pale apli yako haioni kitu tena. WiZ iko na kitu kizuri hapa, unazima na kuwasha interipteri haraka na ampule inabadilisha kati ya hali mbili zenye ulichagua mbele, kwa mfano mwanga wa kusoma na mwanga mudogo wa kulala, bila telefone. Smart Life inakuacha ualike mama na batoto mu nyumba yako kila mutu na konte yake, usigawe neno lako la siri. Ukihama ama ukiuza ampule, uifute mu konte kwanza, bila hiyo mwenye ataikamata atateseka kuiingiza.

Mimi kama ningenunua leo mu mutaa wenye umeme inacheza sana, kwa nyumba ya ampule mbili tatu ningekamata WiZ ama Tapo. Kwa nyumba kubwa ya Muhumba ama Nguba yenye iko na batri na intaneti ya kudumu, Hue na Bridge. Smart Life ningeikamata kama franga ni kidogo, lakini ningemuomba muuzaji aiingize ampule mbele yangu, afungue reglaje, anionyeshe fasi ya kuamua umeme ikirudia, kisha azime prizi yake ahesabu mpaka kumi na kuiwasha tena. Ikiwaka peke yake na alikuwa ameizima ku apli, namurudishia. Na ile lampe ya kusharje yenye iko pa meza, usiigawe, juu wakati wa delestaje hakuna apli hata moja itawasha ampule yenye haina umeme.