Tiketi Kata Mapema, Chumba Kitasubiri

Anayekwenda Moshi Mei na anayekwenda Desemba 22 hupanda basi lile lile, lakini maandalizi yao hayafanani. Wa Mei anaweza kutokea Kituo cha Magufuli, Mbezi Luis, Dar es Salaam, alfajiri akachagua kiti cha dirishani. Wa Desemba akijaribu hivyo atakuta Wachagga wa Dar waendao kwao Krismasi wamemtangulia, na aliyebaki kumpokea ni mpiga debe mwenye bei yake.

Kwa hiyo fungua kalenda kwanza. Safari ikiangukia Krismasi, Pasaka, Idi au shule kufunga, kata tiketi wiki mbili tatu kabla, na ya kurudi uikate siku hiyo hiyo. Hapo ndipo wengi huteleza. Kwenda, watu huondoka kwa mafungu tangu katikati ya mwezi. Kurudi, ofisi na shule huwaita wote kwa pamoja. Mimi Januari naiogopa kuliko Desemba. Tiketi iwe na jina lako, saa na nauli, na hiyo nauli ilinganishe na nauli elekezi ya LATRA, mamlaka inayosimamia usafiri wa ardhini, kabla hujalipa.

Chumba ni habari nyingine. Picha ya gesti ya bei nafuu haisemi kama maji yanatoka, kama chandarua kimetoboka, wala baa ya jirani inazima muziki saa ngapi. Lipia usiku wa kwanza tu, hasa kama utafika giza limeingia au una watoto. Kesho yake zunguka, kagua, fungua bomba. Ukisema utakaa siku nne, bei huweza kushuka.

Unguja wakati wa tamasha la muziki la Sauti za Busara, mwezi Februari, mambo hugeuka. Boti ni kadhaa kwa siku, vyumba vya bei nafuu Mji Mkongwe ni vya kugombania. Anza na chumba. Ukishuka bandarini bila pa kulala, papasi, yule dalali wa wageni, atakuongoza kwa moyo mkunjufu, na kamisheni yake utailipa wewe ndani ya bei ya chumba.

Popote unapolipa mapema, uliza: nikiahirisha, hela inarudi au tarehe inasogezwa? Kwa safari ya Idi swali hili lina uzito zaidi, maana mwezi haujaandama na wewe umeshakata tiketi.