Mambo ya Kuzingatia Kabla ya Kuunganisha Faili Ndogo Kuwa Waraka Mmoja Mkubwa

Mtu anayeandaa miongozo, ripoti au mikataba huwa na vipande vya maandishi anavyovitumia tena na tena: masharti yaleyale, tahadhari zilezile za usalama, jedwali lilelile la vifupisho. Ni busara kuhifadhi kila kipande katika faili yake na kuviunganisha kila waraka mpya unapohitajika. Kuunganisha kwenyewe huchukua dakika chache. Kinachomaliza siku nzima ni kurekebisha yaliyovurugika baadaye, na sehemu kubwa ya mavurugo hayo huzuilika vipande vikiwa bado vimetengana.

Kwanza iamuliwe kama maandishi yatanakiliwa au yataletwa kwa kiungo. Katika Microsoft Word, amri ya kuingiza maandishi kutoka kwenye faili huyanakili moja kwa moja, na tangu hapo kipande cha asili hakina uhusiano tena na waraka. Uga wa INCLUDETEXT (uga ni msimbo unaoiambia programu ijaze maandishi yenyewe mahali hapo), kwa upande mwingine, hukumbuka mahali faili ilipo, hivyo kipande kikirekebishwa, waraka mkubwa nao hupata marekebisho hayo uga unaposasishwa. Programu ya LibreOffice Writer ina waraka mkuu, yaani faili inayokusanya faili nyingine ndogo, wenye kiendelezi cha .odm, ambao huonyesha vipande bila kuruhusu vihaririwe humo. Anayetaka kubadilisha neno hulazimika kufungua faili yake ya asili, na kwa maoni yangu ulinzi huo ni wa thamani kubwa. Word pia ina waraka mkuu, lakini kwa miaka mingi umelalamikiwa kwa kuharibu faili, nami sishauri utegemewe kwa kazi ndefu. Atakayechagua viungo aweke faili zote katika folda moja na asizihamishe, kwa kuwa kiungo hufuata njia ya faili wala si yaliyomo ndani yake.

Pili ni mitindo ya aya na vichwa, yaani sura zilizopewa majina, kama vile “Kichwa 1”. Faili mbili zikiwa na mtindo wenye jina moja lakini wenye sura tofauti, kwa kawaida ufafanuzi wa waraka unaopokea ndio unaoshinda. Hilo ni baraka iwapo vipande vyote vilitokana na kiolezo kimoja, maana waraka mzima huvaa sura moja bila jasho. Maandishi yaliyokuzwa au kukolezwa kwa mkono, bila mtindo, hubaki na sura yake ya zamani, na kichwa cha namna hiyo hakitaonekana katika orodha ya yaliyomo.

Jambo ambalo waandishi wengi hawalifikirii kabisa, na ambalo naliona zito kuliko yote, ni kwamba kipande cha kutumiwa tena hakipaswi kujua kimewekwa wapi. Maneno kama “tulivyoona katika sura iliyotangulia” au “tazama ukurasa wa 14” yanaweza kuwa kweli katika waraka mmoja na uongo katika mwingine. Namba za sura, za picha na za majedwali zisiandikwe kwa mkono, bali ziachiwe programu izihesabu, na kila kifupisho kifafanuliwe ndani ya kipande chenyewe. Ngazi ya vichwa nayo iafikiwe mapema, kwani kipande kinachoanza na kichwa cha ngazi ya kwanza kitageuka sura kamili hata pale kilipokusudiwa kuwa kifungu tu. Alamisho, yaani alama zenye majina ambazo marejeo huelekea kwazo, zipewe majina yasiyorudiwa katika faili nyingine, kwa sababu waraka mmoja haubebi alamisho mbili za jina moja, na rejeo linaloitegemea iliyopotea litakosa pa kuelekea.

Mpangilio wa kurasa unahitaji uangalifu wake. Word huhifadhi pambizo, mwelekeo wa karatasi, vijajuu na vijachini katika kikomo cha sehemu, yaani alama inayotenganisha sehemu moja na nyingine, kilicho mwishoni mwa sehemu husika, na kwa sehemu ya mwisho, katika alama ya aya ya mwisho ya waraka. Ndiyo maana jedwali pana lililopangwa kwenye karatasi ya kulala husimama wima mara linapoingizwa. Kikomo cha sehemu kiwekwe mwishoni mwa jedwali ili libebe mpangilio wake, na kingine kabla yake, la sivyo kurasa zilizotangulia nazo zitalala.

Mabadiliko yanayofuatiliwa, yaani marekebisho ambayo programu huyaonyesha yakisubiri uamuzi, yakubaliwe au yakataliwe kabla, na picha zipachikwe ndani ya faili. Majina ya faili yaanze na 010, 020, 030, ili kipande kipya kipate nafasi katikati bila kubadilisha majina mengine. Ukubwa si hoja sana: kikomo cha Word ni megabaiti 32 za maandishi matupu, kiasi ambacho ni vigumu kukifikia.

Baada ya kuweka nakala ya akiba ya vipande vyote, jaribu kwanza na vitatu tu: kimoja chenye jedwali pana, kimoja chenye tanbihi na kimoja chenye orodha ya namba. Chagua maandishi yote, bonyeza F9 ili uga zote zisasishwe, kisha uangalie kama orodha ya namba imeanza na 1 au imeendeleza hesabu ya kipande kilichotangulia.