Jinsi ya kufuta mshono wa kiwiliwili kwenye ndege ya mfano ya plastiki

Wengi wanaoanza kuunda ndege za plastiki, ziwe za kipimo cha 1/72 au 1/48, hukwama kwenye mshono wa kiwiliwili, yaani mstari unaobaki pale nusu mbili za mwili wa ndege zinapounganishwa, ndiyo maana hatua ya tatu hapa chini ni ndefu kuliko nyingine zote.

Hatua ya 1. Osha vipande kwa sabuni na maji ya uvuguvugu vikiwa bado kwenye fremu ya plastiki inayovishika, kisha uvikate kwa koleo ndogo na usawazishe visiki vinavyobaki kwa msasa.

Hatua ya 2. Paka rangi chumba cha rubani. Ikiwa ndege ina gurudumu chini ya pua, weka uzito puani sasa, kwa sababu ukishafunga kiwiliwili hutaifikia sehemu hiyo tena, na bila uzito huo ndege itakalia mkia.

Hatua ya 3. Funga kiwiliwili. Jaribu kwanza bila gundi. Pande zisipokutana, mara nyingi sakafu ya chumba cha rubani ndiyo inayozizuia, hivyo ipunguze. Tumia gundi ya majimaji ya kupaka kwa brashi, wala si ya tyubu, ambayo humwagika ovyo. Shikanisha pande zote mbili, gusa mshono kwa ncha ya brashi, na gundi itajipenyeza yenyewe. Gundi hii huyeyusha polistirini, yaani plastiki ya vipande hivi, ndipo pande mbili zikawa plastiki moja. Bana polepole mpaka uone uzi mwembamba wa plastiki laini ukichomoza juu ya mshono, na usiuguse hata kidogo, maana ndio utakaoziba ufa.

Baada ya hapo, subiri. Plastiki iliyoyeyuka huendelea kunywea kadiri kiyeyushi kinavyotoka, kwa hiyo ukipiga msasa mapema mshono utaonekana umepotea, kisha utabonyea upya chini ya rangi wakati kazi imekwisha. Saa 24 ni kima cha chini. Mimi huona ni heri kuiacha siku kadhaa. Piga msasa wa maji namba 400, 600, kisha 1000, halafu upulizie praima (rangi ya msingi) ya kijivu, ambayo hufichua kila ufa uliosalia. Ufa mdogo huzibwa kwa supaglu, lakini isawazishe mara tu inapokauka, kwani ikikaa muda mrefu huwa ngumu kuliko plastiki na msasa utakula pembeni. Mistari ya mabati iliyochongwa kwenye kiwiliwili, ikiwa imefutwa na msasa, ichongwe upya kwa sindano.

Hatua ya 4. Gundisha mabawa, na uitazame ndege kutoka mbele kuhakikisha yameinuka sawa.

Hatua ya 5. Kioo cha rubani kishikishwe kwa gundi nyeupe ya mbao. Mvuke wa supaglu hukitia ukungu.

Hatua ya 6. Paka rangi, kisha vanishi ya kung'aa kabla ya stika za maji (alama zinazolowekwa majini kabla ya kubandikwa), kwa kuwa stika ikilala juu ya rangi yenye uso usio laini hunasa hewa na kuonyesha weupe wa fedha. Vanishi isiyong'aa ipakwe mwisho, stika zikishakauka kabisa.