Kuhesabu wanyama wa mwamba wa matumbawe kwa tepu, sleti na penseli: hatua kwa hatua

Watu wengi wakishaanza kupenda matumbawe wanakimbilia kamera. Sawa, picha ni nzuri, ila picha ya samaki mmoja mrembo haikuambii kama mwakani atakuwepo au la. Kinachokuambia ni namba, na namba yenyewe haina kazi mpaka iwe imechukuliwa vilevile, palepale, tena na tena. Kwa hiyo hapa naelezea njia ya tepu ya mita 100, ndo ile wanayotumia Reef Check, shirika linalowatumia watu wa kujitolea kupima miamba ya matumbawe, tangu hesabu yao ya kwanza ya dunia nzima mwaka 1997, na uzuri wake haidai uwe mwanasayansi, inadai uwe unaogelea vizuri, unatulia majini na hudanganyi kwenye sleti, yaani kibao cha kuandikia chini ya maji.

Uwe unazama na mtungi au una snokeli tu, hatua ni zilezile. Usiende peke yako, hilo halina mjadala.

Hatua ya 1: Amua unahesabu nani

Ukijifanya utahesabu kila kiumbe utatoka na sleti imejaa, kichwa kinauma na data haieleweki. Chagua wachache ambao kila mmoja ana habari yake. Chewa wa zaidi ya sentimita 30 na kamba koche wanakuambia habari za uvuvi, maana hao ndo wanaoisha mwanzo. Pono wa zaidi ya sentimita 20 wanakuambia kama mwani una wa kuukwangua. Kitatange wengi wanakula matumbawe yenyewe, kwa hiyo wakipungua ghafla cheki kwanza hali ya matumbawe kabla hujaanza kulaumu wavuvi. Kikande, samaki anayekula nungu wa baharini, naye mhesabu. Jongoo bahari wanavunwa kwa biashara, na wale kome wakubwa wa magamba mawili pamoja na triton, konokono mkubwa wa baharini, wanaokotwa sana kwa ajili ya magamba yao.

Alafu kuna nungu wa baharini, yule mweusi mwenye miiba mirefu, na kiti cha pweza wa aina ya taji la miiba. Hawa wawili nitawarudia chini sababu ndo wanaosumbua watu kwenye kutafsiri.

Hatua ya 2: Chagua mahali, na usichague pazuri

Kila mtu anataka kutandika tepu pale kwenye matumbawe yaliyonona. Usifanye hivyo. Ukianza na sehemu bora kuliko zote, mwakani namba zako zina njia moja tu, nayo ni kushuka, hata kama mwamba kwa ujumla uko poa. Tafuta sehemu inayofanana na mwamba wote ulivyo. Na kama unachotaka kujua ni kama eneo lililofungwa kwa uvuvi linasaidia, basi unahitaji sehemu mbili, moja iliyofungwa na moja inayovuliwa, kina kiwe sawa na mawimbi yanavyopiga yawe sawa, la sivyo utakuwa unapima tofauti ya mawimbi huku unajisifia hifadhi.

Kina cha kawaida ni mita 2 hadi 6, na wenye mitungi wanaongeza tepu ya pili kati ya mita 6 na 12. Rekodi jipiesi mwanzo na mwisho wa tepu, andika na upande unaoelekea. Anayekuja baada yako aweze kutandika hapohapo bila kukupigia simu.

Hatua ya 3: Vifaa

Tepu ya mita 100 ya nyuzi za plastiki, sio ya chuma, ya chuma itaoza kwa kutu. Sleti nyeupe ya plastiki iliyosuguliwa msasa kidogo ili iandikike, penseli ya kawaida mbili zilizofungwa na uzi, na timazi, yaani nati nzito kwenye kamba, basi. Tochi ndogo ya kuchungulia mashimoni. Glavu acha nyumbani, mtu akivaa glavu anaanza kushika kila kitu.

Hatua ya 4: Fundisha macho ukiwa bado nchi kavu

Hii watu wanairuka na ndo inayoharibu data kuliko zote. Chini ya maji, ukiwa na maski, kitu kinaonekana kikubwa kwa kama theluthi moja na kiko karibu kuliko kilivyo kweli. Chewa wa sentimita 30 machoni kwako anaonekana wa 40! Sasa fikiria unaandika chewa wote waliozidi 30 bila kurekebisha jicho, utajaza sleti chewa wakubwa ambao hawapo.

Dawa yake ni rahisi. Kata samaki wa mbao wa urefu tofauti, mwenzako awafunge kwenye kamba chini ya maji, wewe pita andika makadirio, alafu mkague pamoja. Rudia mpaka makosa yako yawe madogo, na ukikaa muda mrefu bila kuzama rudia tena, jicho linasahau. Fanya hivyohivyo na upana: utahesabu mita 2.5 kila upande wa tepu, kwa hiyo chukua bomba la urefu huo uogelee nalo mpaka ulijue bila kuliona.

Hatua ya 5: Tandika tepu alafu ondoka

Fuata kina kilekile, usipande usishuke na mwamba. Tepu ilale kwenye mawe yaliyokufa au uipitishe kwenye nyufa, usiifunge kwenye tumbawe hai. Ukimaliza sogea mbali ukae kama dakika 15. Najua inaboa, ila samaki wamekuona unahangaika na tepu, wengine wamejificha na wengine wamekuja kushangaa, na wote hao watakuharibia hesabu.

Tepu haihesabiwi yote. Unahesabu vipande vinne vya mita 20: kuanzia 0 hadi 20, 25 hadi 45, 50 hadi 70, na 75 hadi 95. Zile mita 5 za katikati unapita tu bila kuandika. Kila kipande kina safu yake kwenye sleti, usichanganye, maana vinne hivyo ndo vitakuonyesha baadaye kama namba yako inaaminika au ni bahati ya kundi moja lililopita.

Hatua ya 6: Samaki kwanza

Samaki wanahesabiwa kabla ya kitu kingine chochote, sababu wanakimbia. Usihesabu alfajiri wala magharibi, wakati huo samaki wa mchana na samaki wa usiku wanapishana zamu na utapata picha ya ajabu. Ogelea polepole juu ya tepu, kila mita 5 simama, hesabu waliopo mbele yako ndani ya mita 2.5 kushoto na kulia na mita 5 kwenda juu, subiri dakika moja waliojificha watoke, alafu songa.

Anayekuja kutoka nyuma yako usimhesabu, utamhesabu mara mbili. Kundi kubwa likipita usihangaike na mmoja mmoja, hesabu kumi, angalia kumi hao wamechukua nafasi gani ndani ya kundi, alafu zidisha.

Pono nao wana mambo. Wengi wanaanza maisha na rangi za kufifia za kahawia au kijivu, alafu wakikua wanabadilika kuwa kijani na bluu za kung'aa, na wengi wanageuka kutoka jike kuwa dume. Kwa hiyo yule wa kahawia usimpite ukidhani ni samaki mwingine, angalia mdomo. Meno yameungana kama mdomo wa kasuku, na ukitulia unamsikia kabisa anavyokwangua, alafu muda kidogo anaachia wingu la mchanga nyuma yake. Huo mchanga ni mwamba aliosaga. Pono mkubwa mwenye nundu kichwani anaweza kusaga zaidi ya tani 5 za mwamba kwa mwaka, peke yake.

Halafu tahadhari moja: kikande mkubwa akiwa na kiota hapendi mchezo, anakuja kuuma kweli. Eneo analolinda linapanuka kadiri linavyoenda juu, kwa hiyo ukikimbilia juu bado uko kwake. Toka kwa pembeni.

Hatua ya 7: Wasio na uti wa mgongo

Sasa rudi polepole, kichwa chini, tochi mkononi. Nungu, kamba na pweza mchana wanajibana kwenye mashimo, kwa hiyo hapa ni kuchungulia tu, pita kama zigizaga ndani ya ule upana wa mita 5. Jiwe usiligeuze.

Kuhusu nungu: sio adui. Mwaka 1983 nungu weusi wa Karibiani walianza kufa kwa ugonjwa kuanzia upande wa Panama, na ndani ya muda mfupi zaidi ya asilimia 90 walikuwa wamekwisha. Jamaica samaki wanaokula mwani walikuwa wameshavuliwa sana, kimbunga Allen cha 1980 kilikuwa kimeshavunja matumbawe, nungu ndo alikuwa amebaki anakata mwani, naye alipoondoka mwani ukachukua mwamba. Matumbawe hai yakatoka zaidi ya asilimia 50 miaka ya 1970 mwishoni hadi chini ya 5 miaka ya mwanzo ya 1990. Upande wa pili wa shilingi, kwenye miamba ya Kenya tafiti za miaka mingi zimeonyesha sehemu zinazovuliwa sana zina nungu wengi mno kwa sababu kikande na walaji wengine wa nungu wameshatolewa, na nungu wakizidi wanautafuna mwamba wenyewe. Kwa hiyo ukiona nungu, andika idadi, hukumu weka pembeni mpaka uone namba za pono na kikande ziko wapi.

Hatua ya 8: Ukiona weupe, sogea karibu

Hapa ndo pa kupunguza spidi. Tumbawe jeupe lina maelezo zaidi ya moja na ukiandika tu "jeupe" umeharibu.

Angalia kwa karibu kama nyama ipo. Lililopauka kwa joto bado liko hai, nyama ipo ila imekuwa kama kioo, na ukitulia utaona vidole vidogo vya polipi, vile vijinyama vinavyojenga tumbawe, vikicheza. Lilichopoteza ni vile vimwani vinavyoishi ndani yake na kulilisha, na hii hutokea maji yakizidi kiwango cha juu cha kawaida cha msimu wa joto kwa kama nyuzi 1 tu kwa wiki kadhaa. Joto likishuka mapema linaweza kupona.

Lililoliwa ni mfupa mtupu, mweupe safi, na mpaka kati ya pabichi na paliposafishwa umenyooka wazi. Siku chache mbele linaota kijani kama ukungu. Hapo mtafute mlaji: taji la miiba anapanda juu, anatoa tumbo lake nje na kulilaza juu ya tumbawe, anayeyusha nyama, alafu anahama. Mchana mara nyingi yuko chini ya tumbawe la jirani. Usimguse, miiba ina sumu. Kama humwoni, chungulia kwenye shina la matawi, kunaweza kuwa na konokono wadogo wa Drupella wamejazana. Ukikosa wote na weupe umekaa kama mkanda unaotembea, andika unahisi ugonjwa na piga picha, na kitu cha kupimia kiwepo ndani ya picha.

Hatua ya 9: Sakafu ya mwamba

Hii ni fasta. Kila nusu mita shusha timazi, kinachogusa nati ndo unaandika: tumbawe gumu, tumbawe laini, mwani, sponji, jiwe, vipande vilivyovunjika, mchanga, tope. Timazi ipo ili wewe usichague, jicho linapenda kudondokea kwenye tumbawe. Vipande vinne vinakupa pointi 160. Matumbawe magumu yakiwa 52, hiyo ni asilimia 32.5.

Hatua ya 10: Namba zisilale kwenye sleti

Piga picha sleti kabla hujaisuuza, na ingiza data siku hiyohiyo wakati bado unakumbuka ule mwandiko wako ulimaanisha nini. Kila kipande ni mita za mraba 100. Pono wakiwa 3, 0, 7 na 2, wastani ni 3, ila ona tofauti ilivyo kubwa, kwa hiyo mwakani wakiwa wastani wa 4 usitangaze ushindi. Andika na sifuri. Sehemu iliyoachwa wazi haijulikani kama hukuona mnyama au hukuangalia.

Taji la miiba lina hesabu yake. Australia wanahesabu kwamba kuna mlipuko wakizidi kama 15 kwa hekta, na tepu yako nzima ni mita za mraba 400, kwa hiyo mmoja tu kwenye tepu ni sawa na 25 kwa hekta. Mmoja kwenye tepu moja sio mlipuko, ni sababu ya kutandika tepu nyingine kadhaa jirani. Zikirudi hivyohivyo wapelekee wasimamizi wa eneo namba na jipiesi haraka, maana mkubwa mmoja anaweza kumaliza hadi mita za mraba 10 za matumbawe kwa mwaka. Usimkatekate, vipande vingine huota upya, wanaojua kazi wanamchoma sindano ya siki au chumvi za nyongo na wana kibali.

Upande wa joto, NOAA, shirika la Marekani la bahari na hali ya hewa, wanaweka bure mtandaoni ramani za wiki za joto, yaani nyuzi zilizozidi kawaida zikijumlishwa wiki kwa wiki. Jumla hiyo ikifika 4 tegemea kupauka, ikifika 8 tegemea vifo. Ukiona inapanda usisubiri tarehe yako ya kawaida, nenda kapime kabla, alafu nenda tena baada. Hizo za nje ya ratiba zipe faili lake, zisichanganyike na za kila mwaka, na juu ya kila faili liwepo jina la aliyehesabu.