Sherehe ya Mfalme Inapoangukia Sabato: Mambo ya Kuzingatia Kabla

Tarehe 6 Mei 2023, siku Charles wa Tatu alipotawazwa katika kanisa la Westminster Abbey jijini London, ilikuwa Jumamosi. Waingereza wengi waliifurahia siku hiyo kwa kuwa hawakuwa kazini. Kwa Myahudi anayeshika Sabato ilileta maswali mazito: atafikaje, atapitaje langoni, atakula nini, na je, inafaa aende? Ninaandika kwa ajili ya yeyote ambaye siku moja atamwalika mtu wa namna hiyo, atafanya naye kazi, au atasimama mlangoni kumpokea. Nimeona watu wa dini hiyo wakidhaniwa kuwa na kiburi au chuki kwa sababu tu hakuna aliyewauliza mapema.

La kwanza ni kujua siku yao inaanza lini. Mswahili wa pwani hapati shida hapa. Wazee wetu wakisema usiku wa Ijumaa walikuwa na maana ya usiku unaotangulia mchana wa Ijumaa, kwa kuwa siku mpya huingia magharibi. Sabato ya Kiyahudi iko hivyo hivyo. Huingia Ijumaa jua linapozama na kutoka Jumamosi usiku, nyota tatu zikishaonekana. Mwanzoni mwa Mei, jua la London huzama kwenye saa mbili na nusu usiku, na mama wa nyumba huwasha mishumaa takriban dakika 18 kabla yake. Ibada ya kutawazwa ilianza Jumamosi saa tano asubuhi, katikati kabisa ya Sabato. Kwa hiyo ukiambiwa sherehe ni Jumamosi, maandalizi yako yote yahesabu kwamba muda wa mgeni huyu unakwisha Ijumaa jioni. Kila kitakachohitaji umeme, gari, kalamu au simu kiwe kimekamilika kabla ya hapo.

Ikulu ya Uingereza ililielewa hilo, na namna ilivyofanya ni funzo kwa waandaaji wa shughuli yoyote. Rabi Mkuu Ephraim Mirvis, kiongozi wa dini wa Wayahudi wa Uingereza, na mkewe walialikwa kulala Clarence House usiku wa kuamkia Jumamosi, makazi ya mfalme mwenyewe. Kutoka pale hadi Westminster Abbey ni kama kilomita moja, njia ya kutembea kwa miguu. Kupanda gari siku ya Sabato kumekatazwa, hata gari likiendeshwa na mtu mwingine, na kutoka mitaa ya kaskazini mwa London wanakoishi Wayahudi wengi wa jiji hilo ni mwendo mrefu mno. Wakaandaliwa pia chakula cha kosheri, yaani kilichopikwa kwa sheria zao, jambo ambalo Mwislamu anayetafuta nyama halali ugenini halihitaji kuelezwa sana.

Kisha likaja suala la kipaza sauti. Mwisho wa ibada viongozi wa dini nyingine walipangiwa kumsalimu mfalme: Myahudi, Mhindu, Sikh, Mwislamu na Mbudha. Kuzungumza kwenye kipaza sauti siku ya Sabato hakuruhusiwi kwa Myahudi wa Kiorthodoksi, yaani anayeshika sheria ya dini kwa ukamilifu, kwa kuwa ni kutumia umeme. Waandaaji wangeweza kumwacha Rabi Mkuu pembeni na wenzake wakaongea. Badala yake wote watano walitoa salamu kwa pamoja, kwa sauti zao wenyewe, bila chombo chochote. Mimi naona hapo ndipo palipokuwa na heshima kubwa zaidi siku ile. Hakuna aliyeulizwa kwa nini hashiki kipaza sauti, kwa sababu hakuna aliyekishika.

Ukiwa wewe ndiye mwandaaji, fikiria lango. Niliwahi kufanya kazi ya jikoni katika ukumbi mmoja wa sherehe jijini London, na Jumamosi moja kijana wa Tanga aliyekuwa mlangoni akaniita, "Kaka, njoo, huyu mzee hataki kusaini." Mzee alikuwa amesimama wima, koti jeusi, mikono mitupu kabisa, hata leso hakuwa nayo. Mbele yake daftari la wageni na kalamu iliyofungwa kwa uzi. Nyuma yake foleni ikaanza kunung'unika. Msimamizi akamwambia asiposaini haingii, tena aonyeshe kitambulisho. Mzee hakubishana. Alisema polepole kwamba leo haandiki, na kwamba kitambulisho hakibebi leo, akasogea kando kupisha wenzake. Alisimama pale karibu nusu saa, mpaka mwenye sherehe alipotoka na kumtambua. Lile koti mikono mitupu linanijia kila nikiona daftari la wageni.

Kuandika ni moja ya kazi 39 zilizokatazwa siku ya Sabato. Kubeba kitu kutoka nyumbani hadi barabarani ni nyingine, hata kiwe kadi ya mwaliko mfukoni. Kuna mahali ambapo jamii ya Kiyahudi huweka mpaka maalumu wa nguzo na nyaya uitwao eruvi, unaofanya mtaa mzima uhesabiwe kama ua mmoja, na ndani yake kubeba kunaruhusiwa. Eruvi ya kaskazini-magharibi mwa London ilianza kutumika 2003, lakini haifiki Westminster. Kwa hiyo kadi, kitambulisho na miwani ya akiba viletwe Ijumaa na viwekwe palepale kwenye shughuli. Jina lake liandikwe kwenye orodha na mtu mwingine, na awepo mtu anayemjua kwa sura. Mikanda ya mkononi inayosomwa kwa mashine, milango inayofunguka yenyewe ukikaribia na lifti zote zitafutiwe njia mbadala. Mlango wa kawaida wenye kitasa unatosha.

Tafadhali usisubiri akuombe siku yenyewe. Sheria yao inaweka mipaka hata katika kumwambia asiye Myahudi amfanyie kazi iliyokatazwa. Anaweza akakaa kwenye chumba chenye giza bila kukwambia "washa taa". Mambo yakipangwa Ijumaa, wewe unaendelea na utaratibu wako na yeye anabaki salama na sheria yake. Isipokuwa ugonjwa: uhai wa mtu hutangulia Sabato, na hapo hakuna mjadala hata kwa rabi mkali kabisa. Mgeni akianguka, piga simu ya gari la wagonjwa mara moja bila kumwuliza mtu ruhusa.

Na mvua. Siku ile London ilinyesha, barabara zote za msafara zikafunikwa na miavuli. Marabi wa Kiorthodoksi wanakataza kufungua mwavuli siku ya Sabato, wakiona ni kama kujenga hema. Ukimkuta mtu anatembea kuelekea sinagogi na kofia yake imelowa chapachapa, usimkimbilie na mwavuli ukidhani amesahau wake. Kwa mwandaaji dawa yake ni njia yenye paa, au koti la mvua lenye kofia, kwa kuwa nguo inavaliwa na haibebwi.

Hayo ya Sabato, pamoja na wingi wake, ni mepesi. Yana ufumbuzi. Lililo zito ni kanisa, na watu wengi huyachanganya mambo haya mawili. Myahudi wa Kiorthodoksi kwa kawaida haingii kanisani wakati wa ibada, iwe Jumamosi au Jumanne. Ndiyo maana wapo washika dini wazuri kabisa ambao wasingekwenda Westminster Abbey hata mfalme angetawazwa siku ya kazi. Ukimwalika Myahudi kwenye sherehe ya kifalme iliyo ndani ya kanisa, mpe nafasi ya kukataa ndani bila kukataa nje: kusimama barabarani, kuhudhuria mapokezi ya jioni, kuja kwenye chakula cha siku ya pili.

Kwa nini basi Marabi Wakuu wa Uingereza wameingia? Wapo tangu zamani wenye hoja ya watu walio karibu na utawala. Talmudi, kitabu cha mafundisho ya marabi wa kale, inaeleza kwamba nyumba ya Rabban Gamliel, ukoo wa viongozi wa Wayahudi enzi za Warumi, iliruhusiwa kusoma hekima ya Kiyunani, jambo walilokatazwa wengine, kwa kuwa wao walikuwa wakiingia na kutoka kwa watawala kwa niaba ya watu wao. Rabi Mkuu anapoitwa na mfalme anakwenda kama sauti ya jamii nzima, na kutokuonekana kwake kungesomwa kama dharau. Siyo kila rabi anakubali hoja hiyo, na Myahudi wa kawaida hawezi kuichukua kama ruhusa yake binafsi. Usimwambie mgeni wako, "Mbona Rabi wenu alikwenda?"

Kuna jambo moja hapa linalonigusa. Ibada yenyewe ya kumtawaza mfalme wa Uingereza imejengwa juu ya habari ya kuhani Sadoki na nabii Nathani kumtia mafuta Sulemani. Mafuta aliyopakwa Charles yalitokana na mizeituni ya Mlima wa Mizeituni, yakawekwa wakfu Yerusalemu. Myahudi aliyeketi mle ndani alikuwa akisikiliza Maandiko ya babu zake yakisomwa katika nyumba ambayo sheria yake inamtahadharisha nayo.

Tena yapo mambo ya kale ambayo anayealika afaa kuyajua kabla hajashangaa kwa nini mwaliko huu una uzito. Tarehe 3 Septemba 1189, Richard wa Kwanza alipotawazwa palepale Westminster, Wayahudi wa London walikuja na zawadi. Walifukuzwa mlangoni, wakapigwa, na ghasia zikaenea jijini. Watu waliuawa na nyumba zikachomwa moto. Mwaka 1290 Edward wa Kwanza akawafukuza wote nchini, na hawakuruhusiwa tena kuishi pale waziwazi mpaka 1656. Ukiwa na habari hiyo kichwani, Rabi Mkuu kulala chini ya paa la mfalme Ijumaa usiku, mishumaa ya Sabato ikiwaka, ni jambo linalotosha kumtoa mtu machozi.

Siyo mara ya kwanza kwa kalenda kufanya hivi. Edward wa Saba alikuwa atawazwe Alhamisi tarehe 26 Juni 1902, akaugua tumbo akapasuliwa, sherehe ikasogezwa hadi tarehe 9 Agosti, ambayo ilikuwa Jumamosi. Waliomfuata walitawazwa siku za kazi: George wa Tano Alhamisi, George wa Sita Jumatano, Elizabeth wa Pili Jumanne. Kwa hiyo 2023 hapakuwa na mzee aliye hai wa kusema tulifanyaje mara ya mwisho.

Asiyekwenda popote anamheshimuje mfalme? Anakwenda sinagogi. Kila Sabato asubuhi, Wayahudi wa Uingereza husoma sala ya kumwombea mfalme na jamaa yake, desturi yenye mzizi katika agizo la nabii Yeremia kwa mateka wa Babeli kwamba wauombee mji walikopelekwa. Elizabeth wa Pili alipofariki Alhamisi tarehe 8 Septemba 2022, Sabato ilikuwa siku mbili mbele, na maneno ya sala ilibidi yabadilishwe upesi, "malkia wetu" likawa "mfalme wetu". Wiki iliyofuata mfalme mpya aliwapokea viongozi wa dini Ijumaa, na ratiba ikarudishwa mapema ili Rabi Mkuu afike nyumbani kabla ya jua kuzama. Kwa hiyo Jumamosi ile ya Mei, mtu aliyekuwa sinagogini Golders Green, mtaa wa kaskazini mwa London, alikuwa akimwombea Charles kwa jina, pengine dakika zile zile taji lilipokuwa likiinuliwa Westminster.

Tena Talmudi inamhimiza mtu afanye bidii kwenda kumlaki mfalme, hata wa mataifa mengine, na kuna baraka ya kusoma anapomwona, ya kumsifu Mungu aliyewapa binadamu sehemu ya utukufu wake. Inasimuliwa kuwa Rav Sheshet, rabi wa kale aliyekuwa kipofu, alikwenda na watu kumlaki mfalme. Kundi la kwanza likapita kwa makelele. Mtu mmoja aliyekuwa akimkejeli akasema, mfalme huyo anakuja. Rav Sheshet akasema bado. La pili likapita kwa makelele, Rav Sheshet akasema bado. La tatu lilipopita na kimya kikatanda, akasema naam, sasa anakuja, akaanza baraka.

Baraka hiyo inahitaji mfalme halisi mbele ya mtu. Marabi wengi hawairuhusu kwa picha ya televisheni, na wala televisheni yenyewe haitazamwi Sabato. Wapo wanaouliza kama inafaa kuiacha ikiwaka tangu Ijumaa, na jibu la marabi wengi ni hapana. Njia iliyo wazi ni kuagiza king'amuzi kirekodi mapema.

Hili liathiri hata mambo madogo ya ujirani. Ukipanga karamu ya mtaa, Jumapili ni bora kuliko Jumamosi. Mwaka ule karamu za mitaani zilipangiwa Jumapili tarehe 7 na Jumatatu ilikuwa mapumziko, ikawa neema kwa Wayahudi. Chakula cha jirani yako kiwe kimefungwa na kubakia kimefungwa, usikipashe moto kwa wema. Mwache aketi nawe bila kula kama kosheri haikupatikana. Amekuja kwa ajili yako.

Na Jumamosi mchana usimtumie picha za taji kwenye simu ukinung'unika hajibu. Simu iko kwenye droo tangu Ijumaa. Saa tatu na kitu usiku nyota zikishatoka, atawasha mshumaa wa kusuka, atanusa manukato, ataagana na Sabato kwa kikombe cha divai, kisha ataketi mbele ya televisheni na watoto wake, arudishe kipindi nyuma mpaka mwanzo.