Kupeleka maparachichi Ulaya bila ushuru: jinsi ya kuutumia mkataba wa Kenya na Umoja wa Ulaya

Mkataba wa Ubia wa Kiuchumi (EPA) kati ya Kenya na Umoja wa Ulaya ulitiwa saini Nairobi Desemba 2023 na kuanza kazi Julai 1, 2024. Bidhaa za Kenya, isipokuwa silaha, huingia Ulaya bila ushuru wa forodha. Lakini msamaha huo haujileti. Ni lazima uuombe, na uuombe kwa karatasi sahihi. Mimi ni wakala wa forodha, na inaniuma kuona mkulima akikosa haki iliyokwisha kupatikana.

Hatua ya 1: Jua msimbo wa HS wa bidhaa yako, yaani namba ya kimataifa ambayo forodha huitumia kutambua kila aina ya bidhaa. Parachichi ni 0804.40. Uweke kwenye Access2Markets, tovuti ya Umoja wa Ulaya inayoonyesha ushuru na masharti ya kuingiza bidhaa, chagua Kenya na nchi unakopeleka, kisha linganisha ushuru wa kawaida na ule wa mkataba. Bila mkataba, parachichi hutozwa asilimia 4 au 5.1 kulingana na msimu, na waridi asilimia 8.5 au 12. Kahawa mbichi haitozwi kitu, itoke nchi yoyote. Iliyokaangwa hutozwa asilimia 7.5. Wenzangu wa vyama vya ushirika vya kahawa, itazameni sana tofauti hiyo mnapopanga kununua mashine ya kukaangia.

Hatua ya 2: Hakikisha mzigo ni wa Kenya kweli. Hapa ndipo wengi huteleza. Tunda lililokuzwa na kuvunwa Murang'a halina shida. Shida huja msimu ukipungua, dalali analeta lori kutoka upande wa Tanzania, matunda yanachanganywa kwenye banda la kufungashia, na makaratasi yanaandikwa Kenya. Huo ni uongo wa kisheria. Forodha ya Ulaya inaweza kuomba uhakiki hata baada ya mzigo kuuzwa, na mnunuzi akidaiwa ushuru atakugeukia wewe. Isitoshe, uongo huo hauna maana: Tanzania, ikiwa miongoni mwa nchi zenye maendeleo duni zaidi, inaingiza bidhaa zake Ulaya bila ushuru kupitia mpango mwingine wa Umoja wa Ulaya kwa nchi hizo, uliopo tangu 2001. Tunda la Njombe, Tanzania, liende kwa jina la Tanzania. Weka daftari la kila shamba, tarehe ya kuchuma na kilo, ukiambatanisha na stakabadhi za malipo.

Hatua ya 3: Pata uthibitisho wa uasili, yaani kwamba bidhaa imetoka Kenya. Mzigo usiozidi euro 6,000 unatosha tamko la msafirishaji kwenye ankara. Ukizidi hapo, omba cheti cha EUR.1 kwa Mamlaka ya Mapato ya Kenya. Kiombe kabla mzigo haujaondoka. Mteja wangu mmoja alikumbuka cheti meli ikiwa baharini. Kilitolewa baadaye, jambo linaloruhusiwa, lakini mnunuzi alikuwa ameshalipa ushuru na akakata kwenye malipo yake.

Hatua ya 4: Shughulikia afya ya mimea. Mkataba hauondoi ukaguzi wa wadudu wala wa mabaki ya dawa. Cheti cha afya ya mimea cha KEPHIS, shirika la serikali ya Kenya linalokagua mimea, ni lazima.

Hatua ya 5: Linganisha hati zote kabla ya kufunga kontena. Uzito, idadi ya katoni na maelezo ya bidhaa kwenye EUR.1 yafanane na ankara na hati ya usafirishaji, tarakimu kwa tarakimu. Kisha mtumie mnunuzi nakala siku hiyo hiyo, na umwombe athibitishe kwamba wakala wake atadai kiwango cha mkataba kwenye tamko la kuingiza mzigo.